Wadogo zangu mnaotaka kuingia kwenye modi, faili la mchezo haliguswi

Wadogo zangu wa Lubumbashi mnaonitumia ujumbe kila wiki mkiuliza, "Yaya, modi inaanziwa wapi?", nimeona niwajibu wote kwa pamoja. Modi ni mabadiliko ambayo mpenzi wa mchezo wa kompyuta au simu anayafanya mwenyewe ndani ya mchezo huo. Swali lenu karibu kila mara linakuja na picha ya simu: klabu yetu ya Mazembe ndani ya PES, mchezo wa soka, jezi ya milia nyeusi na nyeupe, mamba mwenye mpira mdomoni kifuani, na kipa aliyechorwa ili afanane na Kidiaba, kipa wao maarufu. Mnataka kujua aliyeitengeneza alipita njia gani. Nitawaeleza, ila mniruhusu nianzie mbali kidogo. Mazoea yote mazuri ya kazi hii yalizaliwa na shida iliyowapata watu fulani kabla yetu, na anayeijua shida hiyo hahitaji kukumbushwa kanuni.

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni hii: faili halisi la mchezo haliguswi. Mwaka 1992 kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa Wolfenstein 3D. Wapenzi wake, bila kuombwa na mtu, wakaanza kuchora ramani zao wenyewe. Tabu ni kwamba ramani mpya ilibidi iandikwe juu ya ile ya zamani, na ukitaka kuurudia mchezo wa awali unalazimika kuusimika upya. John Carmack, mwandishi mkuu wa programu pale id, aliona jinsi watu walivyohangaika. Doom ilipotoka tarehe 10 Desemba 1993, ramani, picha na sauti zote zilikuwa zimetengwa na injini, yaani programu inayouendesha mchezo, na kuwekwa kwenye mafaili yaitwayo WAD. WAD ya mchezo inabaki ilivyo. Ya kwako inapakiwa juu yake wakati mchezo unaanza, na injini inachukua cha kwako pale tu ulipoweka kitu. Pengine pote inatumia cha asili.

Uamuzi huo mmoja ulifungua mlango mkubwa. Mwanzoni mwa 1994 wapenzi walikuwa tayari na DEU, programu ya kuchora ramani za Doom waliyoiandika wao wenyewe. Mwaka 1996 kundi la wapenzi liitwalo TeamTNT lilikuwa limemaliza seti nzima ya ramani za kugawa bure. Id ikaichukua kwa malipo na kuiuza ndani ya Final Doom. Desemba 1997 Carmack akautoa hadharani msimbo chanzo wa injini. Miaka zaidi ya 30 imepita na ramani mpya za Doom bado zinatoka. Mimi naamini kwamba bila WAD historia hiyo isingefika mbali, maana nani angekubali kuuharibu mchezo wake ili ajaribu ramani ya mtu asiyemjua?

Sasa turudi kwenye simu zenu, kwa sababu najua wengi hamna kompyuta. Habari njema ni kwamba mnaweza kuifuata kanuni ya WAD kwa simu tu. PPSSPP, emuleta (programu inayoiga mashine ya michezo) ya PSP ya Sony, iliyoanzishwa na Henrik Rydgård mwaka 2012, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ndani ya mipangilio yake ya watengenezaji kuna sehemu mbili zinazokuhusu: moja inahifadhi picha za mchezo, nyingine inazibadilisha. Washa ya kuhifadhi, cheza mechi moja, na kila picha iliyopita kwenye kioo inaandikwa ndani ya folda ya TEXTURES ya mchezo huo, ikiwa na jina refu la tarakimu na herufi lililokokotolewa kutokana na picha yenyewe. Tafuta ya jezi, ichore upya, ihifadhi kwa jina lilelile, halafu washa sehemu ya pili. Faili la textures.ini ndilo linalosema picha gani inaenda wapi. ISO yako, yaani faili la mchezo wenyewe, hujaigusa hata kidogo. Ukimaliza kukusanya picha, zima ile ya kuhifadhi, la sivyo simu itakuwa nzito na nafasi itajaa picha za nyasi na mashabiki.

Jezi ya Mazembe ni darasa lenyewe. Ndani ya picha, jezi imelazwa kama nguo iliyofumuliwa: kifua huku, mgongo kule, mikono pembeni. Mchezo ndio unaoishona mchezaji anapoingia uwanjani. Ukichora milia kifuani bila kuangalia mgongo, begani milia haikutani, na kamera ikisogea wakati wa kona kila mtu anaona. Kwa hiyo anza begani. Hesabu pikseli za kila mlia pale mishono inapokutana, ndipo ushuke kifuani. Nembo nayo ina taabu yake: mamba mzima, na meno yake yote, hakai ndani ya mraba mdogo wa pikseli. Ukiipunguza nembo halisi unapata doa la kijivu. Mchore upya kwa mkono: taya mbili nene, jicho moja, mpira. Ukikaa mbali na kioo, jicho la mchezaji litamaliza lililobaki. Wenye haraka waanze na Lupopo, wapinzani wa Mazembe hapa mjini, bluu na njano, rangi pana zisizo na milia ya kukutanisha. Nawaambia hivyo hata ninyi wa Kamalondo, nyumbani kwa Mazembe, na msininunie.

Wenye kompyuta wana uwanja mpana zaidi, hasa michezo ya zamani ya NES, Super Nintendo na Game Boy Advance. Huko mchezo ni faili moja, romu, na mabadiliko yanasafirishwa kwa pachi, faili dogo lenye mabadiliko peke yake. Pachi ya zamani inayotumika sana ni IPS, na nataka muielewe kwa ndani, kwa sababu ndiyo iliyoiweka jumuiya hii hai. Ukiifungua kwa programu ya kuhariri heksi, inayoonyesha faili baiti moja moja, utaona mwanzoni herufi tano: PATCH. Zinafuata baiti tatu zinazosema mabadiliko yanaanzia wapi ndani ya romu, kisha baiti mbili zinazosema ni baiti ngapi, kisha baiti mpya zenyewe. Inajirudia hivyo hadi mwisho, panapoandikwa EOF. Hakuna mchezo humo, kuna tofauti tu kati ya faili la zamani na jipya, na mara nyingi uzito wake ni kilobaiti chache. Kwetu, tunaonunua mega kidogo kidogo, hilo si jambo dogo: kazi ya miezi ya mtu inafika kwenye simu yako kabla hujamaliza kusalimiana naye.

Uzuri wa pili ni wa kisheria na wa kiungwana. Romu ni mali ya waliotengeneza mchezo. Tofauti uliyoiandika ni jasho lako. Ukigawa pachi peke yake hujagawa mchezo wa mtu.

Lakini IPS ina udhaifu unaowatesa wageni. Baiti tatu za anwani haziwezi kufika mbali kuliko megabaiti 16, na romu kubwa za Game Boy Advance zilifika 32. Tena IPS haiulizi chochote: ukiipa faili lisilo lake inaandika tu, na mchezo unafungua kioo cheusi. Romu ya Japani, ya Marekani na ya Ulaya hazifanani baiti kwa baiti hata kama mchezo ni uleule. Romu za Super Nintendo zilizonakiliwa kwa vifaa vya zamani hubeba pia kichwa cha baiti 512 mwanzoni, na kichwa hicho kinasukuma kila anwani mbele. Nusu ya malalamiko ya "pachi yako haifanyi kazi" huishia hapo. Ndiyo maana mimi natumia BPS, aina iliyobuniwa na byuu, mtengenezaji wa emuleta ya bsnes. BPS inabeba CRC32, alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na faili lenyewe: ya faili la asili, ya faili litakalotoka na ya pachi yenyewe, na ikipewa faili ambalo silo inakataa. Jifunzeni kuangalia CRC32 kabla ya jambo lolote. Ni tarakimu nane za heksi, na programu nyingi za kufungulia zipu zinazionyesha.

Baadhi yenu mmesema mnataka michezo izungumze Kiswahili. Hilo ndilo linalonifurahisha kuliko yote, na ndilo gumu kuliko yote. Njia ilipasuliwa na waliotafsiri michezo ya Japani. Final Fantasy V ilitoka Japani mwaka 1992 na haikuletwa kwa Kiingereza hadi 1999. Kundi la RPGe lilikuwa limeshaitafsiri na kuitoa kama pachi kabla ya hapo. Mother 3 ya 2006 haikuletwa kabisa. Pachi yake ya Kiingereza, iliyoongozwa na mfasiri wa kazi Clyde Mandelin, ilitoka Oktoba 2008.

Tatizo la kwanza utakalokutana nalo ni kwamba maandishi huyaoni. Mchezo wa zamani haulazimiki kuandika A kwa namba inayotumiwa na kompyuta yako; kila studio ilijipangia. Kitu kisichobadilika sana ni umbali kati ya herufi. Chukua POTION: kutoka P kwenda O ni kurudi nyuma moja, O kwenda T ni mbele tano, T kwenda I nyuma kumi na moja, I kwenda O mbele sita, O kwenda N nyuma moja. Tafuta ndani ya romu mfululizo wowote wa baiti wenye hatua hizo hizo na utalipata neno, hata kama hujui A ni namba gani. Ukishalipata, namba za herufi nyingine unazihesabu, unaziandika kwenye faili dogo la jedwali, na tangu hapo programu ya heksi inakusomea mchezo mzima.

Tatizo la pili ni nafasi. Final Fantasy ya kwanza ilipopelekwa Marekani mwaka 1990, jina la uchawi lilipewa nafasi ya herufi nne, na uchawi wa umeme ukaishia kuandikwa LIT. Nasi tuna hesabu hiyo hiyo. PIGA inaingia vizuri penye FIGHT, DAWA inaingia penye POTION, lakini KIMBIA haiingii penye RUN. Hapo ndipo utajifunza vielekezi: baiti mbili zinazouambia mchezo neno fulani linaanzia anwani gani. Kwenye NES na Super Nintendo baiti ndogo inatangulia, kwa hiyo anwani 8A40 utaikuta imeandikwa 40 8A. Hamisha neno refu hadi mahali penye nafasi tupu, badilisha kielekezi, na mchezo utalifuata huko. Badilisha kielekezi kimoja tu, fungua mchezo, angalia, hifadhi. Kisha kingine. Delestaji, yaani mgao wa umeme wa shirika letu la SNEL, haitoi taarifa, na anayebadilisha vielekezi mia kabla ya kuhifadhi anauweka usiku wake mzima rehani.

Kuhusu pesa nitasema wazi. Kuna wanaouza modi za wenzao kwenye flashi huko mitaa ya Katuba na Kenya hapa Lubumbashi, na jina la aliyetengeneza wamelifuta. Naomba msiwe hao. Kwanza ni dhuluma. Pili, pesa huamsha wenye haki. Mwaka 2009 Square Enix ilituma barua na kuisimamisha Chrono Trigger: Crimson Echoes, kazi ya miaka ya wapenzi, ikiwa imebaki muda mfupi itoke, na hiyo ilikuwa ya bure. Agosti 2016 Milton Guasti wa Argentina alitoa bure AM2R, Metroid II ya 1991 aliyoijenga upya kwa karibu miaka kumi, na Nintendo ikataka iondolewe siku chache baadaye. Kazi ile haikupotea bure: Guasti aliajiriwa kubuni viwango vya Ori and the Will of the Wisps. Christian Whitehead wa Australia naye alianza kama mpenzi aliyeihamishia Sonic kwenye simu. Sega ikampa Sonic CD mwaka 2011, na Sonic Mania ya 2017 ikatoka mikononi mwake na mwa wapenzi wenzake. Counter-Strike ya Minh Le na Jess Cliffe ilikuwa modi ya Half-Life mwaka 1999 kabla Valve haijaichukua. Waliofika huko walikuwa na kazi inayoonekana na yenye majina yao.

Basi andikeni majina. Aliyechora jezi, aliyepata anwani, aliyejaribu kwenye simu dhaifu, wote waingie kwenye faili la maelezo linalosafiri na pachi. Na andikeni mlichokigundua, hata kama modi haijaisha. Ninapoangalia miaka hii yote, naona modi nyingi zimesahaulika, lakini orodha za anwani zilizoandikwa na watu wavumilivu bado zinatumika. Waliougeuza Super Mario 64 ya 1996 kuwa msimbo unaosomeka, na waliomaliza kuugeuza hivyo mchezo wa Ocarina of Time mwaka 2021, walishirikiana hivyo, kipande kwa kipande, hadi faili walilolizalisha likalingana na la asili baiti kwa baiti.

Wekeni pia nakala zaidi ya mahali pamoja. GeoCities, huduma ya kurasa za bure mtandaoni, ilifungwa mwaka 2009 na kurasa nyingi za modi za miaka ya 1990 zikaenda nayo. Romhacking.net, hifadhi kubwa ya pachi tangu 2005, iliacha kupokea kazi mpya Agosti 2024, na hazina yake ikakabidhiwa Internet Archive. Flashi moja kwako, moja kwa rafiki wa Ruashi au Kampemba, na nakala mtandaoni mega zikiruhusu.

Mkinitumia kazi niiangalie, nitumieni pachi peke yake, msinitumie romu wala ISO. Pamoja nayo niandikieni jina la mchezo, ni toleo la nchi gani, CRC32 ya faili la asili, na sentensi mbili tatu za mlichobadilisha na mahali mlipokwama. Jumamosi mchana ndiyo ninakaa na kompyuta, umeme ukiwepo, na wenye CRC32 nawajibu kwanza.