Akaunti ya Dada Nayo Imefungwa, Walijuaje?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nashona mikoba ya kitenge hapa Igoma, Mwanza, na kuiuza kwenye jukwaa moja la mtandaoni la nje. Akaunti yangu ilifungwa baada ya wateja kulalamika kuwa mizigo inachelewa. Nikafungua nyingine kwa jina la dada yangu, laini yake, barua pepe mpya, nikafuta na vidakuzi vyote. Nayo ikafungwa, wakasema inahusiana na ile ya kwanza. Walijuaje?
Mshonaji, Igoma

JIBU: Marahaba. Laini ulibadilisha, lakini kompyuta ni ileile, na yaelekea ndiyo iliyokutaja.

Kila unapofungua ukurasa, kivinjari, yaani programu unayoingilia intaneti, hujibu maswali usiyoyaona: ni toleo gani, kioo kina ukubwa gani, saa imewekwa ya wapi, fonti zipi zimo. Ukurasa unaweza hata kukiamuru kichore picha iliyofichwa. Kadi ya michoro na programu zake huichora kwa tofauti ndogo sana, na tofauti hizo hugeuzwa kuwa namba. Jibu moja peke yake si kitu. Saa ya Afrika Mashariki tunayo sote, Mwanza hadi Mombasa. Majibu yote yakikusanywa, huwa alama inayoitenga kompyuta yako na nyingine. Mwaka 2010 Peter Eckersley wa Electronic Frontier Foundation, shirika la kutetea haki za watumiaji wa intaneti la Marekani, alichapisha utafiti: kati ya vivinjari karibu 470,000, asilimia 83.6 vilikuwa na alama za pekee. Kufuta vidakuzi, zile kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari, hakusaidii hapo, maana kivinjari hupimwa upya kila unapoingia.

Majukwaa hulinganisha pia anwani ya intaneti na akaunti ya malipo. Kama fedha za dada zilikuwa ziingie benki kwako, hata kivinjari hakikuhitajika.

Kinachoniuma ni wasio na kosa. Huku kwetu duka moja la stesheneri lina kompyuta mbili zinazohudumia mtaa mzima. Mmoja akifungiwa, anayekalia kiti kile baadaye anaweza kubebeshwa kosa lake. Na simu za toleo moja hutoka kiwandani zikifanana, kwa hiyo alama zao huweza kuwa sawa kirahisi. Jukwaa linalofunga akaunti kwa alama hizo tu, bila kumsikiliza mtu, linaonea.

Wewe lakini akaunti ile ilikuwa yako kwa jina la mwingine, kwa hiyo sitakuelekeza programu za kuficha kompyuta. Nyingine hujiumbua zenyewe: kivinjari kinadai ni cha simu, kioo kinasema laptopu.

Kata rufaa kwa akaunti ya kwanza, maana tatizo lilianzia kwenye mizigo. Ambatanisha risiti za posta zenye tarehe kila mzigo ulipoondoka Mwanza, na ukiri kwamba ya pili uliifungua wewe. Dada akitaka kweli kuuza vyake, awaandikie kwanza kwamba mnatumia kompyuta moja, na malipo yaingie kwake. Jibu lao akalihifadhi.