Jibu: Jambojet au Kenya Airways, Nairobi hadi Mombasa?

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kuongeza pesa mpande Kenya Airways kwenda arusini Mombasa, au Jambojet inatosha. Hao ni mzazi na mtoto: Jambojet ni kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilianza kuruka 2014. Inatumia ndege aina ya Dash 8-400, za mapangaboi, kwa hiyo mama akishtuka kuyaona kwenye mabawa, mtulize tu. Angani ni kama saa moja, hata soda hujaimaliza vizuri mnaanza kushuka. Habari ya chakula sahau.

Kazi iko kwenye mizigo. Ile nauli ya chini kabisa ya Jambojet ni wewe na begi la mkononi, kilo 7. Na umesema mna nguo za sherehe na zawadi! Sanduku lilipie mapema mtandaoni, ukingoja kaunta ya uwanjani utaumia. Usilinganishe bei za matangazo. Jaza abiria wote, ongeza mizigo, fika hadi ukurasa wa malipo kwa kampuni zote mbili, hapo ndipo utajua nani rahisi. Nyie naona Jambojet, ila mgawane masanduku.

Shemeji yako anayetoka London ni kesi nyingine. Huyo akate tiketi moja ya Kenya Airways hadi Mombasa. Akichelewa kutua Nairobi, kampuni ndiyo itamtafutia ndege nyingine. Akiwa na tiketi mbili tofauti, atanunua upya.