Mguu wa mtoto hausubiri msimu wa korosho

Kwetu Mtwara pesa ina majira yake. Minada ya korosho ikianza, Oktoba hivi, na malipo yakitoka, ndipo bati linabadilishwa, deni la dukani linalipwa na watoto wananunuliwa viatu vya shule. Ndivyo nilivyofanya kifungua mimba wangu alipokuwa anajiandaa kuanza darasa la kwanza. Nilimnunulia viatu vyeusi vilivyomzidi kwa namba mbili ili akue navyo, nikajaza matambara mbele ya vidole.

Kufika Machi alikuwa anaburuza miguu. Mwalimu wake ndiye aliyeniambia kwamba wenzake wakicheza, yeye anakaa chini ya mwembe. Nilimvua soksi nikakuta kisigino kimechubuka, lengelenge limepasuka na kutunga usaha, na vidole vimejikunja kwa kung'ang'ania kiatu kisimvuke. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu, "Mama, si ulisema nivitunze?"

Jibu hilo liliniuma, na tangu siku ile miguu ya wanangu naikagua kwa macho yangu, sisubiri waseme. Mguu wa mtoto mdogo sehemu kubwa bado ni gegedu, haujawa mfupa mgumu, kwa hiyo kiatu kinaweza kuukandamiza na mwenyewe asisikie maumivu ya kumliza. Kiatu kikubwa nacho kina madhara yake. Mguu unateleza ndani, ngozi inachubuka, na mwendo unaharibika.

Sasa napima hivi. Jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za siku, mtoto anasimama juu ya karatasi. Asikae, kwa sababu mguu hutanuka ukibeba uzito. Nachora nyayo zote mbili kwa penseli, maana mara nyingi mmoja unauzidi mwenzake, nachukua ile kubwa, naongeza upana wa kidole gumba cha mkono wangu mbele ya kidole chake kirefu kuliko vyote, kisha nakata. Karatasi hiyo naenda nayo sokoni na kuitandaza ndani ya kiatu. Ikijikunja, nakirudisha. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu mpime kila baada ya miezi miwili mitatu. Wa shule ya msingi, angalau kila muhula. Na ile hesabu ya pesa nimeibadilisha: badala ya jozi moja ya bei kubwa ya mwaka mzima, nanunua ya bei nafuu Januari na kutenga pesa ya jozi nyingine ya katikati ya mwaka.

Mitumba siikatai, wanangu wanaivaa. Ila geuza kiatu utazame soli. Ikiwa imelika upande mmoja kiache, kimeshafuata mwendo wa mtoto mwingine. Ndivyo ilivyo hata kwa kurithishana. Wa pili nilimvisha vya kaka yake vilivyombana vidole, ukucha wa kidole gumba ukazama nyamani. Na mimi nilichangia, kwa kuwa nilikuwa nazikata kucha kwa kuzungusha kwenye kona. Ukucha wa mguu ukate moja kwa moja, usiuchimbe pembeni.

Nyumbani kwenye sakafu safi waache watembee peku, mguu unapata nguvu. Huyo wa pili alikuwa na nyayo bapa kabisa, bibi yake akaingiwa na wasiwasi. Muuguzi wa kliniki alimwambia mtoto asimame kwa ncha za vidole, na uvungu wa unyayo ukajitokeza pale pale. Watoto wengi huwa hivyo mpaka miaka sita hivi.

Nje ni habari nyingine. Udongo wenye kinyesi una minyoo ya safura inayopenya kwenye ngozi ya mguu na kumfyonza mtoto damu. Na kuna funza. Kiangazi kimoja niliwapeleka kwa bibi yao Tandahimba, wakawa wanacheza mchangani chini ya mikorosho na kulala chumba cha udongo. Waliporudi, mdogo alikuwa anajikuna usiku kucha. Mdudu huyu hakuwa wa huku. Asili yake ni Amerika, akafika Angola mwaka 1872 kwa meli kutoka Brazili, na kabla karne ile haijaisha alikuwa ameshafika pwani yetu. Jike huingia akiwa mdogo kama punje ya mchanga, akavimba ndani ya ngozi kwa wiki mbili akitaga mayai.

Nilishtuka kusikia kwamba kule walikuwa wanachokoana kwa pini moja, watoto watano. Tafadhali, msifanye hivyo. Pini ya kupokezana inaambukiza homa ya ini, na kidonda kile ni mlango wa pepopunda. Mpeleke kituo cha afya, na uende na kadi yake ya kliniki waone chanjo. Yapo mafuta ya dimetikoni yanayopakwa mdudu akafia humo humo bila kuchokolewa. Nyumbani, nyunyizia maji sakafu ya udongo kabla ya kufagia, mbuzi na mbwa wasilale chumba cha watoto, na kila jioni osha miguu, kausha katikati ya vidole, angalia chini ya kucha.

Mtoto anayechechemea kila asubuhi, au anayeumwa mguu mmoja usiku, mpeleke hospitali. Na mtoto akizaliwa nyayo zimegeukia ndani, usikubali kuambiwa zitanyooka zenyewe. Matibabu yake huanza wiki za mwanzo: plasta inabadilishwa kila wiki, mara tano mpaka nane hivi, wengi hukatwa kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo, kisha anavishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, mwanzoni karibu saa zote na baadaye usiku tu, mpaka miaka minne au mitano. Hivyo viatu vya usiku ndivyo wazazi wengi huviacha mapema kwa sababu mtoto analia, na mguu unarudi kupinda. Zile siku za mwanzo mbebe, umwimbie, umkande magoti, lakini usimvue.