Futa hiyo droo kwanza, tuongee baadaye

Mkuu, futa hiyo droo. Usingoje kesho, futa sasa hivi kabla mtu hajapiga kura ya kwanza. Nimeusoma uzi wako ndani ya basi nikitoka shifti ya usiku, nikapitiliza vituo viwili kwa presha. Ligi ya mtoano ya singo 16 za posti-panki (roki iliyofuata panki) na dansi, pamoja na rimiksi zake (nyimbo zilizochanganywa upya): wazo tamu, sina neno. Halafu nikashuka chini nikaiona mechi ya kwanza: "Temptation v A Forest". Basi. Majina mawili matupu. Hapohapo ndipo nilipozikwa mimi mwaka juzi, na udongo haujakauka.

Maswali yako nimeyaona: nyimbo ngapi, droo ipangwe vipi, rimiksi icheze na wimbo mama au zitengwe, kura zikae siku ngapi, zawadi iwe nini. Nitayafikia. Kwanza nisikilize.

Niko Manchester mwaka wa tisa. Tuna grupu la WhatsApp la watu 23: Watanga wawili (mmoja ni mimi), dada mmoja wa Mombasa, jamaa wa Bukavu, Waingereza kadhaa waliooa kwetu, na mzee mmoja wa Salford, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye ujanani alikuwa haikosi Haçienda. Kwa msioijua, hiyo ni klabu ya usiku iliyofunguliwa hapa 1982 na watu wa lebo ya muziki ya Factory Records pamoja na bendi yao, New Order wenyewe. Hao Factory walikuwa na ugonjwa wa kupachika namba kila kitu, si santuri tu. Klabu ilikuwa FAC 51. Temptation ya New Order ni FAC 63, Blue Monday yao FAC 73. Paka wa klabu naye alikuwa na namba yake, FAC 191. Shika hilo la paka, nitalirudia.

Nikaanzisha ligi kama yako. Singo 16, mechi moja kila siku, kila mtu asikilize kivyake halafu apige kura. Pia kulikuwa na utabiri: ukimtaja bingwa kabla ligi haijaanza na akashinda kweli, unapata hedifoni za pauni 45. Raundi ya kwanza ikapita kwa vicheko na matusi ya kirafiki. Robo fainali ya pili ikawa Temptation ya New Order dhidi ya A Forest ya The Cure. Matokeo 12 kwa 11, A Forest imepita. Nikatangaza, nikaweka na kikaragosi cha mti.

Dakika kumi baadaye dada wa Mombasa akaandika: "Mwenzenu nauliza, hiyo Temptation mlosikiliza ni ya dakika ngapi?"

Skrinshoti zikaanza kumiminika. Mmoja kasikiliza ya 1982 ya santuri ya inchi 12, karibu dakika tisa. Mwingine kasikiliza ya inchi 7 ya mwaka huohuo. Wengine saba wamesikiliza ya dakika saba, ambayo si ya 1982 kabisa. Bendi iliingia studio ikairekodi upya kwa ajili ya albamu ya Substance ya 1987. Tukageukia A Forest, kukawa kubaya zaidi. Ipo singo ya 1980, ipo ya albamu ya Seventeen Seconds iliyo ndefu zaidi, halafu ipo ya Mixed Up ya 1990. Hiyo ya mwisho watu huiita rimiksi, kumbe tepu za asili zilikuwa hazijulikani zilipo, ikabidi wimbo urekodiwe upya. Kwa hiyo kwenye uwanja nilioandika timu mbili, walikuwa wanacheza sita. Mimi refa nimesimama katikati na filimbi yangu.

Hadi hapo mambo yangeokoka. Ningefuta mechi, nikaomba radhi, yakaisha. Badala yake nikajifanya mwanaume wa maamuzi. Nikaandika: "Mechi inarudiwa. Jumamosi, kwangu, kwa santuri. Hakuna programu wala skrinshoti. Asili tupu."

Asili nitaipata wapi? Nikamuuliza mtaalamu wa grupu. Kila grupu lina mmoja, huyu wetu anadai ana santuri elfu nne, ingawa hakuna aliyewahi kufika kwake. Akanijibu kwa sauti ya watu wa redio: "Toleo halijalishi, bwana. Watu wanapigia kura wimbo, hawapigii plastiki." Nikaenda dukani. Muuzaji, kijana mwenye ndevu za kupangwa, nikamwambia nataka Temptation ya mwanzo, ile yenyewe. Akanyosha mkono rafuni bila hata kuangalia, akanipa Substance. "Singo zao zote zimo humu, za asili." Pauni 35. Nikalipa nikicheka moyoni, nimepata singo zote kwa bei ya moja! Albamu yenyewe watu huiita Substance 1987. Mwaka umekaa kwenye jina, mkuu. Nimesoma hadi chuo, lakini siku hiyo macho yalikuwa likizo.

Jumamosi ikafika. Watu tisa sebuleni, sambusa za nyama, chai ya maziwa, mashine ya santuri nimeiazima kazini. Mzee wa Salford kakaa kiti cha pembeni, mikono juu ya magoti kama yuko kanisani. Nikasimama mbele yao na santuri mkononi, nikaapa. Nasikia aibu hadi kuandika. Nikasema: "Hii ndiyo yenyewe, ya 1982, kama ilivyotoka studio. Wallahi."

Nikaweka sindano. Ngoma zikaingia safi, zimepangika, kila kitu kimepigwa pasi. Mimi natikisa kichwa kama niliyeitengeneza. Katikati ya ubeti mzee akaweka kikombe chini taratibu, akainuka, akatoka nje bila koti. Nikadhani pilipili ya sambusa imemshinda. Wimbo ukaisha, nikapiga A Forest, tukahesabu mikono: A Forest 5, Temptation 4. Nikawa nishafungua mdomo kutangaza, mlango ukagongwa.

Mzee karudi na santuri moja ndani ya mfuko wa plastiki uliogeuka njano. FAC 63. Hakusema kitu. Aliitoa kwa ncha za vidole kama anashika yai, akapuliza vumbi, akaiweka mwenyewe.

Mkuu, ni wimbo mwingine. Ngoma hazijatulia, zinasukumana na besi. Sauti ya mwimbaji imekwaruza, anaimba kama mtu ambaye bado hajajua kama anaruhusiwa kuimba, na ukumbuke ilikuwa miaka miwili tu tangu mwimbaji wao wa enzi bendi ikiitwa Joy Division, Ian Curtis, afariki. Ile ya 1987 inaimbwa na watu ambao tayari wana Blue Monday mfukoni. Dakika ya saba ikafika, pale ya kwangu ilipokuwa imeshakata roho, hii bado inatembea. Jamaa wa Bukavu alikuwa ameshasimama anacheza na sahani ya sambusa mkononi. Tukapiga kura tena. Temptation 7, A Forest 2.

Na tafadhali usiniulize A Forest niliyoipiga mimi siku hiyo ilikuwa ya mwaka gani. Ilikuwa ya 1990. Tena kutoka kwenye simu. Nimekiri, tuendelee.

Sasa nani kashinda? Waliotabiri A Forest itakuwa bingwa wakasema kura ya kwanza ya robo fainali ndiyo halali. Waliotabiri Temptation wakasema ya mzee ndiyo halali. Ligi ikagawanyika mapande mawili, nusu fainali zikachezwa mara mbili, na mwisho nikanunua hedifoni mbili. Pauni 90 hizo, jumlisha 35 za Substance, na sambusa sihesabu kwa sababu mke wangu anasoma humu.

Nikarudi dukani. Kijana wa ndevu akaniambia, "Si ni bendi ileile?" Ndugu yangu, ukiagiza pilau ukaletewa wali wa binzari, mpishi akakwambia mchele ni uleule, utamfanya nini? Na yule mtaalamu wa santuri elfu nne alipobanwa akasema yeye alijua tangu mwanzo, alitaka tu kuona kama nitagundua. Nimemsamehe. Ila jina lake kwenye simu nimelibadilisha kuwa "Plastiki".

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, na ukiipuuza usije kulia humu: USIANDIKE JINA LA WIMBO BILA MWAKA, TOLEO NA DAKIKA. Vyote vitatu. Paka wa Haçienda alikuwa na namba yake, mimi nimeingiza wachezaji 16 uwanjani bila jezi.

Najua utasema hizi ni kelele za wazee wa santuri. Kwa muziki mwingine labda. Kwa huu, hapana, kwa sababu toleo ndilo wimbo wenyewe. Inchi 7 ilikuwa ya redio, dakika tatu nne, haraka. Inchi 12 mifereji yake ina nafasi, besi inapumua, sauti inakuwa kubwa zaidi, hiyo ilikuwa ya klabu. Prodyuza alikaa chini akatengeneza vitu viwili kwa watu wawili tofauti. Blue Monday mwaka 1983 ilitoka kwa inchi 12 tu, dakika 7 na sekunde 29, na ilipanda hadi namba 9 Uingereza. Ile iliyofika namba 3 ni ya 1988, imepitiwa upya na maprodyuza Quincy Jones na John Potoker. Sasa kwenye orodha yako umeandika "Blue Monday". Ipi? Mtu wa 83 na mtu wa 88 watapigia kura jina moja huku kila mmoja anasikia kitu chake.

Au Confusion, uliyoipanga icheze nayo. Ya 1983 walitengeneza New York na prodyuza Arthur Baker, zaidi ya dakika nane. Ya Substance ni ya kurekodiwa upya, haifiki hata dakika tano. Halafu ipo rimiksi ya Pump Panel ya 1995, ile inayopigwa mwanzoni mwa filamu ya Blade, damu inamwagika kutoka juu watu wanacheza. Jamaa wetu wa Bukavu alikuwa ameipa Confusion kura zake zote kwa moyo mmoja. Tulipomuuliza anapenda sehemu gani ya mashairi, akatutazama. Mashairi? Yeye alikuwa anapigia kura damu.

Love Will Tear Us Apart ya Joy Division ndiyo kichekesho zaidi: santuri yenyewe ya 1980 ina matoleo mawili ya wimbo huohuo, kila upande na lake. Na mpinzani uliyempa, She's Lost Control ya haohao, ya albamu ya 1979 na ya inchi 12 ya 1980 ni rekodi mbili tofauti. Mechi moja hiyo, refa! UFO ya ESG dhidi ya Cavern ya Liquid Liquid angalau iko salama kidogo, ila atatokea mtu atakwambia Cavern kaiba besi ya White Lines, ule wimbo wa rapu. Mwambie ni kinyume chake, usibishane zaidi ya hapo.

Unachofanya: tafuta faili moja kwa kila wimbo, wewe mwenyewe, weka linki hiyohiyo kwa wote. Usimwambie mtu "katafute", programu zitampa chochote kilicho juu, mara nyingi kilichosafishwa upya na kuongezwa sauti, na sikio la binadamu hupenda chenye kelele zaidi. Sawazisha sauti kabla ya kutuma. Halafu andika kama hivi: Temptation, 1982, inchi 12, 8:47. Mtu akileta toleo lake, kura yake haihesabiki, hata akiwa shemeji.

Rimiksi na wimbo mama? Zitenge. Rimiksi ni mchezaji kamili, ana timu yake. Bizarre Love Triangle ya New Order ambayo watu wengi wanaijua ni rimiksi ya Shep Pettibone, wakidhani ndiyo ya albamu ya Brotherhood. Mweke Pettibone acheze na rimiksi mwenzake.

Nyongeza: nimerudi juu nikaona kuna maswali sijayajibu. Zawadi: usitoe zawadi. Siku za kura na nyimbo ngapi, wengine watakusaidia, mimi nimechoka, naenda kulala.

Nyongeza 2: walioniuliza kwa ujumbe wa faragha, hapana, siuzi ile FAC 63. Ni ya mzee. Aliisahau kwangu Jumamosi ile, na kila akinisalimia ukutani ananiuliza nimeisikiliza lini mara ya mwisho, namwambia bado kidogo nimalizie.