Kwa nini behewa hugonga treni ishikapo kasi

Dada yangu, umeuliza kwa nini behewa lilikuwa likigonga mfululizo, na mdundo ukaongezeka kadiri treni ilivyoshika kasi. Hiyo ni dalili ya gurudumu lililolika upande mmoja. Mara nyingi chanzo ni breki: zikikamata mno, gurudumu huacha kuzunguka, likaburuzwa juu ya reli na kubaki na bapa. Hapa Malindi utauona mkokoteni wa maji wenye tairi lililolika vivyo hivyo ukirukaruka, mitungi ikigongana. Lakini kwenye reli ni chuma juu ya chuma, na gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 92, kwa kilomita 100 kwa saa, hupiga reli karibu mara 10 kila sekunde. Mapigo hayo huharibu beringi na huweza kupasua mataruma ya zege, yaani mihimili iliyolazwa chini ya reli, hata reli yenyewe. Dawa ni kulikereza gurudumu mapema, yaani kulichonga upya liwe duara kamili. Kule Eschede, Ujerumani, mwaka 1998, watu 101 walifariki katika ajali ya treni, jambo linaloniuma hadi leo, baada ya pete ya chuma ya gurudumu kukatika kwa uchovu wa chuma, yaani ufa uliokua kidogo kidogo kwa kubebeshwa mzigo tena na tena. Na gurudumu hilo, lenye mpira ndani, liliwekwa ili kutuliza mtetemo wa aina hii hii.