Kwani Uingereza watu wanakosa chakula?

Swali: Anti, dadangu ako Uingereza anafanya kazi lakini ati huenda benki ya chakula kuchukua unga na makopo ya bure, kwani huko si kuna pesa? Msomaji, Nakuru.

Jibu: Pesa iko mpenzi, ni bili zinaimeza. Kutoka 2022 gesi na stima zilipanda vibaya, chakula kikafuata, mshahara ukabaki nyuma, na wengine hawana hata masaa kamili ya kazi. Mwenye anaomba Universal Credit, msaada wa serikali, anangoja malipo ya kwanza kama wiki 5, sasa watoto wale nini? Dadako pengine hata hiyo hapati, viza nyingi za kazi zinakataza. Kwa hivyo hiyo mambo ya kumwitisha school fees kila mwezi, hebu punguzeni.