Mwalimu Ajibu: Mahandaki yalikuwa Ulaya peke yake?

SWALI: Jambo sana Mwalimu. Kijana wangu yuko sekondari, na kitabu chake cha historia kina picha ya askari wa Ufaransa wamezama matopeni ndani ya handaki, vita ya 1914. Nikamwambia babu ya mama yangu naye alikuwa katika vita hiyo, tena hapa hapa, kati ya Goma na Gisenyi. Akanicheka: “Mahandaki kwenye mawe haya, mama?” Nyumbani wanasema Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, walimchukua akiwa kijana, akafika mpaka Tabora, akarudi. Hakupenda kusimulia. Wote wanakumbuka jambo moja tu: mpaka anakufa hakukubali kitu kiwekwe kichwani mwake, hata kofia. Je, alikuwa askari? Walimpataje? (Mama N., Himbi, Goma)

JIBU: Mama N., mwambie kijana asiharakishe kucheka. Mahandaki yalikuwepo, na akivuka barrière ya mpaka wa Rwanda leo atafika penyewe kabla jasho halijamtoka. Septemba 1914 Wadachi, yaani Wajerumani, walikitwaa kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu likawa lao. Upande wa Gisenyi, kapteni wao Max Wintgens akajichimbia kwenye mto Sebeya, huohuo uliofurika Mei 2023 na kuua watu kule Rubavu. Wabelgiji nao wakajichimbia upande wa huku. Kulikuwa na mashambulizi, watu wakafa, mstari ukabaki palepale. Wakatazamana hivyo mpaka Mei 1916.

Kuhusu mawe, kijana ana haki kidogo. Mwaka jana jirani yangu alichimbisha choo. Vijana wawili, baramini moja (mtaimbo), nyundo moja. Siku ya tisa nikashuka kupima: ukingo ulinifikia kifuani, nami si mrefu. Ncha ya baramini ilikuwa imekuwa butu kama kidole gumba. Kwenye lava, mawe haya ya volkano, mtu hachimbi, anabomoa, na alichobomoa anakipanga mbele yake kiwe ukuta. Sasa mfikirie askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji la Kongo, akifanya kazi hiyo, peku, maana viatu hawakupewa. Bunduki yao kwa wengi ilikuwa Albini, ya risasi moja moja, yenye baruti ya moshi. Ukishafyatua, wingu jeupe linakaa juu ya kichwa chako na kumwonyesha adui ulipo. Kwangu mimi hapo ndipo handaki linapopata maana yake, kuliko katika picha zote za matope.

Wala hakuna aliyeshinda kwa kupanda ukingo wa mwenzake. Jenerali Tombeur wa Wabelgiji alizungusha majeshi: kaskazini waliingia Kigali tarehe 6 Mei 1916, kusini wakavuka Ruzizi. Wadachi wa Sebeya wakaona watafungiwa nyuma, wakahama. Tarehe 19 Septemba Tabora ikaanguka.

Walimpataje? Sheria ya 1891 ilimruhusu mkubwa wa Bulamatari kudai idadi ya watu kila mwaka, na chifu ndiye aliyetafuta wa kujaza hesabu. Chifu hamtoi mwanawe. Anamtoa mtumwa, yatima, mkaidi, au yule aliyegombana naye kuhusu shamba. Utumishi ulikuwa miaka saba, na mara nyingi walimpeleka mbali na kwao, katikati ya watu wasiojua lugha yake, ili akitoroka asijue njia. Wapo waliojitolea, sikatai. Ila ninaposikia “babu alijiunga” huwa nauliza: alijiunga, au alifungwa kamba?

Sasa hicho kichwa. Barua yako niliisoma mara tatu kwa ajili ya kichwa hicho. Force Publique ya 1914 ilikuwa na askari kama 15,000 kwa Kongo nzima. Wapagazi waliochukuliwa kwa vita hii wanahesabiwa kama 260,000. Unga, risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, vyote vilisafiri vichwani mwao, juu ya ngata. Wengi waliuawa na kuhara damu na njaa, si na Wadachi. Askari alivaa kofia nyekundu na kujivunia. Mtu asiyeweza kuvumilia hata kofia, mimi siapi, lakini nadhani alikuwa chini ya mzigo.

Kijana akiuliza kama Wakongo walifika kwenye vita ya Ulaya kwenyewe: wachache sana, kwa sababu Ubelgiji haikutaka kuwapeleka. Waliopigana ni waliokuwa wanaishi huko tayari. Paul Panda Farnana, mtaalamu wa kilimo, alijitolea Agosti 1914, akatekwa Namur, mji wa Ubelgiji, mwezi huohuo, akakaa kifungoni Ujerumani mpaka vita ilipoisha. Mwaka 1919 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Union Congolaise, akidai haki za Wakongo. Huyo naye hayumo katika kitabu cha mtoto wako, naona.

Ukirudi kijijini, ulizia matrikile, namba ya askari. Wazee waliokuwa askari, wale wa vita ya pili niliowakuta mimi, waliitaja namba yao kama wengine wanavyotaja ukoo, hata wakiwa wamesahau majina ya wajukuu. Kama nyumbani hakuna aliyewahi kuisikia ya babu, mtafute kwa wapagazi. Na hao waliokusimulia nyumbani, waulize babu alirudi na nini mkononi.